Kuchagua kasi ya RAM kwa seva zilizo kazini wakati bajeti ni finyu

Anayenunua RAM za seva huku bajeti ikimbana hukutana kwanza na namba: 2400, 2666, 2933, 3200 katika kizazi cha RAM kiitwacho DDR4, na katika kizazi kinachofuata cha DDR5, 4800, 5600 na kupanda. Kwa kuwa namba hizo zimepangwa kwa ngazi, na bei mara nyingi hupanda pamoja nazo, ni rahisi kuamini kwamba swali la msingi ni ngazi ipi mfuko unaimudu. Kwa seva ambayo watu wanaitegemea usiku na mchana, mimi naona swali hilo huulizwa kabla ya zamu yake. Huwa naanza na ukubwa wa RAM, nikaenda kwenye ECC (uwezo wa RAM kugundua na kusahihisha hitilafu zake), nikahesabu chaneli (njia zinazounganisha RAM na prosesa), ndipo nikaigeukia kasi. Na nikifika hapo, mara nyingi nakuta prosesa na bodi vimekwisha kuniamulia.

Tuanze na maana ya namba yenyewe, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Namba 3200 si megahezi. Ni idadi ya mara ambazo data huhamishwa kwa sekunde, ikihesabiwa kwa milioni (kifupi chake ni MT/s). Saa inayoongoza uhamishaji huo hupiga mara milioni 1,600 tu, kwani DDR hupitisha data mara mbili katika kila pigo. Chaneli moja ya DDR4 ina upana wa biti 64, yaani baiti 8, hivyo 3200 mara 8 hutupa megabaiti 25,600 kwa sekunde, na ndiyo sababu kipande hichohicho huuzwa pia kwa jina la PC4-25600. Kipande cha 2400 hufikia megabaiti 19,200. Kwa hesabu ya karatasini, cha kwanza kinakizidi cha pili kwa theluthi moja.

Theluthi hiyo, hata hivyo, ni ya kiasi cha data kinachopita, wala si ya muda ambao prosesa husubiri jibu. Muda huo huanzia kwenye namba nyingine ambayo wauzaji wengi huiandika kwa herufi ndogo, nayo ni CL, yaani idadi ya mapigo ya saa kati ya ombi na data ya kwanza kutoka. DDR4 ya 2400 ya viwango vya kawaida ina CL17: kila pigo huchukua nanosekunde 0.83, na mapigo 17 ni kama nanosekunde 14.2. DDR4 ya 3200 yenye CL22 ina pigo la nanosekunde 0.625, na mapigo 22 ni nanosekunde 13.75. Tofauti haifiki hata nusu nanosekunde, ilhali safari nzima ya ombi, kutoka kwenye kiini cha prosesa, kupitia kache zote (hifadhi ndogo za haraka zilizo ndani ya prosesa), hadi kwenye RAM na kurudi, katika seva nyingi huzunguka nanosekunde 80 hadi 100 na zaidi. Programu ambayo kazi yake kubwa ni kufuata viungo kutoka rekodi moja hadi nyingine, kama zifanyavyo tovuti, mifumo ya uhasibu na hifadhidata za kawaida, itaiona tofauti hiyo kwa shida sana.

Lazima niongeze jambo moja hapa ili nisionekane naipuuza kasi kabisa. Chaneli inapokaribia kujaa, maombi huanza kupanga foleni, na muda wa kusubiri huongezeka haraka kuliko hesabu ya CL inavyoonyesha. Hapo RAM ya kasi kubwa husaidia kweli, kwa sababu foleni huisha upesi. Kazi zinazofikisha seva katika hali hiyo zinajulikana: hesabu za kisayansi zinazopita juu ya safu kubwa za namba, uchambuzi wa data unaosoma majedwali mazima yaliyo ndani ya RAM, na siku hizi uendeshaji wa modeli za lugha kwa kutumia prosesa peke yake. Mfano wa mwisho unafaa kutazamwa kwa karibu. Ili modeli inayotumia uzito wake wote (yaani namba zote ilizojifunza) itoe tokeni moja, yaani neno au kipande cha neno, kwa mtumiaji mmoja, seva hulazimika kusoma karibu uzito wote wa modeli hiyo. Kama uzito ni GB 40 na RAM yote kwa pamoja hutoa GB 200 kwa sekunde, basi ikitoa tokeni moja moja haiwezi kuvuka tokeni 5 kwa sekunde kwa mtumiaji huyo. Mwenye kazi ya namna hiyo anunue kasi, na asome sehemu iliyobaki ya makala haya akijua kwamba yeye yuko upande mwingine.

Kwa sisi wengine, ukubwa ndio unaotangulia, na sababu yake ni ya hesabu tupu. RAM ikijaa, mfumo wa uendeshaji huanza kuhamishia kurasa (vipande vya data iliyo ndani ya RAM) kwenye diski, au hutupa data iliyosomwa ili iombwe upya baadaye. Kusoma kutoka kwenye diski nzuri ya NVMe huchukua makumi ya mikrosekunde hadi kufikia 100 hivi, na kusoma kutoka kwenye RAM huchukua kama nanosekunde 100. Hiyo ni tofauti ya mara mamia hadi elfu. Faida yote ya kupanda kutoka 2400 hadi 3200 humezwa na sehemu ndogo mno ya maombi yanayokwenda diskini badala ya kujibiwa kutoka kwenye RAM. Kwa hiyo, nikipewa chaguo kati ya GB 128 za 2400 na GB 64 za 3200 kwa fedha ileile, kwa ajili ya hifadhidata au kundi la mashine pepe, sihitaji kufikiri kwa muda mrefu. Anayetilia shaka na atazame safu za si na so katika amri ya Linux ya vmstat, zinazoonyesha data inayorudi kutoka diskini na inayohamishiwa huko, wakati wa kilele cha matumizi, au asome /proc/pressure/memory, faili linalopatikana tangu kerneli ya Linux 4.20, ambalo humwambia ni asilimia ngapi ya muda kazi zake zimesimama zikisubiri RAM.

ECC sipendi hata kuijadili kama chaguo. Kipande chenye ECC cha DDR4 hubeba biti 72 badala ya 64. Zile 8 za ziada huwezesha kusahihisha biti moja iliyoharibika katika kila neno la biti 64, na kugundua zikiharibika mbili. Mwaka 2009, utafiti uliofanywa juu ya seva za Google, ulioandikwa na Bianca Schroeder, Eduardo Pinheiro na Wolf-Dietrich Weber, ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM hupata hitilafu zinazosahihishika katika mwaka mmoja, na kwamba kama theluthi moja ya mashine hukutana nazo. Seva isiyo na ECC hupata hitilafu hizo vilevile; tofauti ni kwamba haizioni. Salio la akaunti hubadilika tarakimu, faili huandikwa likiwa bovu, nakala ya akiba huchukua ubovu huo kwa uaminifu, na hakuna logi yoyote inayosema lolote. Tena tahadhari kwa wanaohamia DDR5: chipu za DDR5 zina usahihishaji wa ndani yake zenyewe, na baadhi ya matangazo huutaja kama kwamba ni ECC kamili. Usahihishaji huo haulindi data ikiwa njiani kati ya kipande na prosesa, wala hautoi taarifa kwa mfumo wa uendeshaji jinsi ECC ya seva inavyotoa. Bado unahitaji kipande kilichotengenezwa kwa ECC, na bodi inayoiunga mkono.

Baada ya hapo huja chaneli, na hili ndilo eneo ambalo mwenye bajeti ndogo anaweza kupata faida kubwa bila kuongeza hata senti. Prosesa za EPYC za AMD za vizazi vya Naples, Rome na Milan zina chaneli 8 kwa kila soketi (nafasi ya prosesa kwenye bodi). Xeon Scalable za Intel za vizazi viwili vya kwanza zina 6. Xeon E5 v4, ambazo bado zinafanya kazi katika seva nyingi zilizonunuliwa zikiwa zimetumika, zina 4. Kila chaneli isiyo na kipande ni barabara iliyofungwa. Chukua EPYC yenye chaneli 8: vipande 4 vya 3200 hutoa kwa pamoja GB 102.4 kwa sekunde, na vipande 8 vya 2400 hutoa GB 153.6. RAM iliyo nyuma kwa ngazi tatu, ikijazwa sawasawa, inaishinda ile ya kasi kwa nusu nzima ya uwezo wake. Kwa hiyo vipande 8 vya GB 16 karibu siku zote ni bora kuliko vipande 4 vya GB 32, isipokuwa una hakika kwamba utaongeza vingine karibuni na hutaki kutupa ulivyonavyo. Kwenye seva ya soketi mbili, gawanya kwa usawa pande zote mbili. Prosesa ambayo RAM yake yote iko upande wa mwenzake hulazimika kuvuka kiungo cha kati kila inapohitaji kitu.

Sasa kasi. Kikomo chake hakiko kwenye kipande bali kwenye modeli ya prosesa, na watu wengi hawaisomi karatasi ya maelezo hadi mwisho. Katika kizazi cha Xeon kiitwacho Cascade Lake cha mwaka 2019, Xeon Gold za mfululizo wa 6200 hufika 2933, lakini Silver za mfululizo wa 4200, ambazo ndizo hununuliwa na wenye bajeti ndogo, huishia 2400. Ukiweka kipande cha 3200 kwenye seva yenye Silver 4210, kitafanya kazi, na kitafanya kazi kwa 2400. Fedha ya ziada uliyolipa imekwenda bure, ila kama kipande hicho kilikuwa rahisi kuliko cha 2400, jambo linalotokea kwa sababu viwanda huelekeza uzalishaji wao kwenye kasi zinazoulizwa zaidi, au kama unakusudia kukihamishia baadaye kwenye seva mpya ya aina hiyohiyo ya RAM.

Idadi ya vipande kwa kila chaneli nayo hushusha kasi. Cascade Lake inayokubali 2933 kwa kipande kimoja kwa chaneli kwa kawaida hushuka hadi 2666 ukiweka viwili. Xeon za Sapphire Rapids hutoka 4800 hadi 4400. Kwa bodi za mezani zinazotumika kama seva ndogo, anguko ni kali zaidi: AMD inataja 5200 kwa vipande viwili vya DDR5 kwenye Ryzen 7000, na 3600 kwa vipande vinne. Anayepanga seva ya GB 128 kwenye bodi ya namna hiyo kwa kununua vipande vinne vya kasi kubwa anapaswa kujua mapema kwamba analipia kasi ambayo prosesa haijaahidiwa kuihimili.

Kuna hata kizazi ambacho namba ndogo ina heri yake. Katika EPYC za Rome, kiungo cha ndani cha prosesa huenda sambamba na RAM hadi 2933; ukipanda hadi 3200 saa mbili hizo huachana, kiasi cha data kinachopita huongezeka, lakini muda wa kusubiri unaweza kurefuka kidogo. Kwa hifadhidata yenye maombi mengi madogo, 2933 kwenye Rome ni chaguo la heshima kabisa. Milan ilirekebisha jambo hilo kwa kuwezesha kiungo kwenda sambamba na 3200.

Ukiwa dukani au ukitazama picha za bidhaa, lebo ya kipande inatosha kukuambia karibu kila kitu. Tuchukue iliyoandikwa 32GB 2Rx4 PC4-2933Y-R. Ya kwanza ni ukubwa. 2R inamaanisha kipande kina safu mbili za chipu zinazopokezana kazi, na kwa kasi ileile kipande cha safu mbili mara nyingi hutangulia kidogo kile cha safu moja, kwa kuwa moja huandaliwa wakati nyingine inajibu. x4 ni idadi ya biti ambazo kila chipu hutoa. Seva nyingi zinahitaji x4 ili ziweze kuendelea hata chipu nzima ikifa. 2933 ni kasi, na Y ni viwango vya muda vya 21-21-21, ambapo ya kwanza ndiyo CL; kwenye 2400 utakuta T, kwenye 2666 V, kwenye 3200 AA. R ya mwisho inasema ni RDIMM, kipande chenye chipu ya kupokea amri kutoka kwa prosesa na kuzipitisha. Ukikuta E ni UDIMM yenye ECC, isiyo na chipu hiyo, L ni LRDIMM, ambayo hupitisha na data pia kwa njia hiyo, na aina hizi hazichanganywi katika seva moja: seva haitawaka.

Kasi tofauti, kwa upande mwingine, huchanganyika, lakini zote hushuka hadi ya kipande cha polepole kuliko vyote. Niliwahi kuombwa kutazama seva ya hifadhidata ambayo mwenyewe alilalamika kwamba RAM mpya haikumletea nafuu yoyote. Amri ya dmidecode -t 17 ilionyesha karibu kwenye kila kipande mistari miwili: Speed ikiwa 3200 MT/s, na Configured Memory Speed ikiwa 2133 MT/s. Kipande kimoja tu, kilichobaki kutoka seva ya zamani na kuachwa kwenye nafasi ya mwisho, ndicho kilichosoma 2133 katika mistari yote miwili, na kilikuwa kimewashusha wenzake wote. Kilipotolewa, seva ilipanda hadi kikomo cha prosesa yake. Mstari huo wa pili ndio wa kuaminiwa, na hauhitaji kuzima seva ili kuusoma.

Kuhusu wasifu wa XMP na mfano wake, yaani mipangilio iliyo tayari ya kuendesha RAM kwa kasi iliyo juu ya kiwango, msimamo wangu ni mkali. DDR4 ya viwango vya JEDEC, shirika linaloweka viwango vya RAM, hutumia volti 1.2, ilhali vipande vinavyotangazwa kwa 3600 na zaidi kwa kawaida huipata kasi hiyo kwa volti 1.35 au zaidi na kwa kumtaka mdhibiti wa RAM ndani ya prosesa afanye kazi nje ya kiwango alichopimiwa. Kwenye kompyuta ya michezo, hitilafu moja kwa mwezi ni kero. Kwenye seva ni tukio la kuandikia ripoti. Ikiwa seva yako ndogo imejengwa kwa Ryzen inayotumia DDR4 na bodi ya mezani, tafuta UDIMM ya ECC ya 3200 yenye CL22 na volti 1.2, uache mipangilio ya BIOS kama ilivyo, uendelee na kazi nyingine.

Je, kushusha kasi makusudi huongeza uimara? Wakati mwingine, na hapa kuna hatari ya kujidanganya. Chaneli yenye vipande viwili vizito, kwenye bodi iliyopata umri, inaweza kutulia ikishushwa ngazi moja, kwa sababu mawimbi ya umeme hupata nafasi zaidi ya kusomeka. Lakini utafiti niliotaja hapo juu ulikuta kwamba hitilafu nyingi hutokana na ubovu wa kudumu wa kipande, wala si bahati mbaya za kupita. Kwa hiyo mimi hutumia kushusha kasi kama njia ya kupima tu. Nasoma hesabu ya hitilafu zilizosahihishwa chini ya /sys/devices/system/edac/mc, au naiacha programu ya rasdaemon inikusanyie, kisha nakihamishia kipande kinachoshukiwa kwenye nafasi nyingine. Hitilafu zikikifuata, kipande ni kibovu na kinabadilishwa, hata kama kwa 2133 kinaonekana kimetulia. Zikibaki kwenye nafasi ileile, nasafisha nafasi hiyo, natazama kama prosesa imekaa sawa, na hapo ndipo nalifikiria suala la kushusha kasi au kubadilisha bodi.

Joto nalo limo. Chaji ya umeme inayohifadhi data ndani ya seli za RAM huvuja, na kila seli ya DDR4 huburudishwa upya ndani ya milisekunde 64. Kipande kikipita nyuzi 85 za Selsiasi, muda huo hupunguzwa hadi 32, na sehemu ya uwezo huliwa na kazi hiyo ya kuburudisha. Feni iliyojaa vumbi inaweza kukunyima zaidi ya ulichokilipia uliponunua ngazi ya juu.

Kwa wanaonunua vipande vilivyotumika, na kwa RDIMM za DDR4 naona hilo ni jambo la busara kwa sababu vituo vikubwa vya data huziachia nyingi vinapohamia vizazi vipya, sharti langu ni kwamba vipimwe kabla ya kuingia kazini. Programu ya kupima ya Memtest86+ kwa mizunguko kadhaa, kisha ile ya stressapptest usiku kucha ndani ya Linux, mfuniko wa seva ukiwa umefungwa ili joto liwe la kazi halisi. Siruhusu hata hitilafu moja iliyosahihishwa katika kipindi hicho. Muuzaji asiyekubali kurudishiwa kipande kilichoshindwa kipimo hicho simrudii.

Fedha inayobaki baada ya kushuka ngazi moja ya kasi huwa naitumia kununua kipande kimoja cha akiba, cha kiwanda kilekile, namba ileile ya bidhaa na mpangilio uleule wa safu, nacho hupimwa pamoja na wenzake kabla ya kuwekwa kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli na kuandikwa namba ya seva inayokihusu.